Binti wa shule ana mimba: familia imsaidieje?

Mwanangu ana miaka 16, mimba ya miezi minne. Hajaanza kliniki, anaona aibu.

Mpeleke kesho asubuhi. Kliniki inatakiwa kuanza kabla ya wiki ya 12, kwa hiyo mmeshachelewa kidogo, ila hakuna kilichoharibika. Atapimwa presha, wingi wa damu, mkojo, VVU na kaswende, apewe vidonge vya kuongeza damu, SP ya kukinga malaria na chanjo ya pepopunda.

Aibu yenyewe iko kwenye benchi. Anakaa katikati ya kina mama wazima wanaomkodolea macho, halafu nesi anauliza kwa sauti, "Mwenzio yuko wapi?" Wengi wakiulizwa hivyo hawarudi tena. Kaa naye benchi hilohilo, na swali hilo ulijibu wewe. Vituo vingine humdai asiye na mwenza barua ya serikali ya mtaa, ulizieni mapema.

Anaweza kujifungulia kwa bibi yake kijijini?

Hapana. Nyonga ya binti mdogo huenda haijakomaa, mtoto akakwama kwenye njia ya uzazi, na uchungu wa muda mrefu huleta fistula: mkojo unamtoka bila kuzuilika. Akiumwa kichwa sana, akiona maluweluwe, akivimba uso au akitokwa damu, msingoje kupambazuke.

Akishajifungua, shule basi?

Kwa Tanzania, tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu waliokatiza masomo kwa ujauzito kurudi darasani. Kikwazo kilichobaki ni nani atabaki na mtoto, na hapo ndipo bibi anapohitajika kweli. Binti akamue maziwa asubuhi kwenye kikombe kisafi chenye mfuniko. Kwa joto letu yatumike ndani ya muda wa saa 4, na mtoto anyweshwe kwa kikombe, chupa ni ngumu kusafisha. Darasani maziwa yatajaa, sare ilowe, wenzake wacheke. Aweke kitambaa kisafi kifuani, na mwalimu wa malezi aombwe chumba cha kukamulia wakati wa mapumziko.

Kumpa uzazi wa mpango si kumfungulia njia?

Njia ilishafunguka, mama. Mimba ya pili ya harakaharaka ndiyo inayozika shule kabisa, na mwili wake unahitaji angalau miaka 2 kabla ya kubeba nyingine. Kijiti, kile kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, kinafaa hata kwa anayenyonyesha. Uamuzi uwe wake, baada ya kuelezwa vizuri. Kunyonyesha peke yake kunakinga tu ikiwa mtoto hajafika miezi 6, hapewi kitu kingine hata maji, na hedhi haijarudi.

Mtoto ana mwezi, binti analia tu na hataki kumshika.

Machozi ya siku chache za mwanzo ni ya kawaida. Yakipita wiki 2, hiyo inaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, mrudisheni kituoni. Akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake, apelekwe siku hiyohiyo. Na kama mimba ilitokana na kulazimishwa, simu ya watoto ni 116, bila malipo.