Je, wajua kwa nini anayelala na jiko la mkaa chumbani hashtuki?

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Makete, Njombe au Limuru inapokolea, jiko la mkaa huingizwa ndani. Mkaa umeshashika vizuri, umekuwa mwekundu, hautoi moshi tena, na mwenye nyumba anaona hatari imekwisha. Anafunga dirisha, anaziba uwazi wa chini ya mlango kwa kipande cha kanga, analala. Kumbe moshi ndio uliokuwa ukimwonya. Mkaa mwekundu usiopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu.

Wengi husema gesi hiyo inamaliza hewa chumbani. Sivyo. Chumba kinaweza kuwa na oksijeni ya kutosha, mapafu yakaivuta bila shida, na mtu akafa. Tatizo limo ndani ya damu.

Chembe nyekundu za damu zimejaa hemoglobini, protini yenye madini ya chuma. Ichukulie kama hamali wa bandarini. Molekuli moja ina nafasi nne za kubebea oksijeni, na kazi yake ni mbili: kujitwika mzigo mapafuni, kisha kuutua unakohitajika, kwenye ubongo, moyo na misuli. Kaboni monoksidi huvuruga kazi zote mbili, ila watu huelezwa ile ya kwanza tu.

Gesi hii hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Sasa piga hesabu. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Kaboni monoksidi ikifika asilimia 0.1 tu, yaani sehemu moja katika elfu, ni haba kuliko oksijeni mara 210, lakini nguvu yake ya kushika inafidia uhaba huo. Zinagombea nafasi zikiwa karibu sawa. Anayeivuta kwa saa kadhaa huishia na takriban nusu ya hemoglobini yake imetekwa.

Nusu, basi. Lakini wapo watu wenye upungufu wa damu ambao wamebakiwa na nusu ya hemoglobini, na bado wanatembea. Wanachoka upesi, ndiyo, lakini wanafika sokoni na kurudi. Kwa nini yule wa jiko, naye akiwa na nusu yake, anaanguka na kupoteza fahamu?

Swali hili lilimshughulisha John Scott Haldane, mwanasayansi wa Scotland aliyechunguza vifo vya wachimba makaa ya mawe. Mwaka 1895 alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alivuta gesi hiyo na kupima damu yake huku akiandika jinsi anavyojisikia.

Jibu liko kwenye kutua. Mililita 100 za damu yenye afya hubeba kama mililita 20 za oksijeni, na mwili uliotulia huchukua takriban 5 tu. Kwa hiyo hata nusu, yaani 10, ingetosha kama ingeshuka. Ila zile nafasi nne hazifanyi kazi kila moja kivyake. Nafasi moja ikishikwa, molekuli nzima hubadilika umbo na zilizobaki hushika kwa nguvu zaidi. Oksijeni ya kwanza ikishuka, zinazofuata hushuka kwa urahisi. Kaboni monoksidi ikikaa hapo haishuki, na kwa kukaa kwake inaibakiza molekuli katika umbo lile la kushika. Oksijeni iliyo jirani yake hupita ubongoni na kurudi na damu ileile. Hamali amefika mlangoni, mzigo uko kichwani, na hautui.

Na kwa nini mtu haamki akitweta? Hisia ya kukabwa huletwa hasa na kaboni dioksidi inayojikusanya mwilini, na hapa haijikusanyi kwa sababu anapumua. Vipo pia vipokezi shingoni vinavyopima oksijeni, lakini vinapima ile iliyoyeyuka kwenye maji ya damu, na hiyo iko kawaida. Dalili zinazotangulia ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kuishiwa nguvu. Mtu anadhani ni malaria, anajifunika blanketi, anaendelea kulala palepale penye jiko. Kama nyumba nzima inaumwa kichwa pamoja bila homa, na jiko liko ndani, tokeni nje kwanza, mengine baadaye. Beseni la maji kando ya jiko halisaidii, kwa kuwa gesi hii haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha maana.

Hospitalini, taja jiko hata usipoulizwa. Kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni, husoma rangi ya damu, na hemoglobini iliyotekwa na kaboni monoksidi ni nyekundu kama iliyobeba oksijeni. Kinaweza kuandika asilimia 98, kama ya mtu mzima wa afya, kwa mgonjwa aliye mahututi. Kipimo cha kweli ni cha damu yenyewe, katika mashine inayotofautisha aina za hemoglobini.

Tiba kuu ni oksijeni. Kwenye hewa ya kawaida, mwili huhitaji saa 4 hadi 5 kuondoa nusu ya gesi iliyoko kwenye damu. Kwa oksijeni tupu kupitia barakoa inayobana vizuri, muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu.

Mjamzito huwekwa kwenye oksijeni muda mrefu zaidi, hata akisema amepona. Hemoglobini ya mtoto aliye tumboni huishia kukusanya gesi hiyo kuliko ya mama, na huiachia polepole, hivyo mama anaweza kuwa ameketi kitandani anazungumza wakati damu ya mwanawe bado haijasafika.