Umeuza hisa, lakini hela bado haijawa yako

Binamu yangu wa Mbagala aliuza hisa zake Alhamisi asubuhi. Mchana akaanza kumsumbua dalali kwa simu: "Kaka, mbona hela haijaingia?" Oda aliiona imekamilika. Alidhani ni kama Kariakoo, unatoa noti, unabeba kitenge.

Sivyo. Oda kukamilika maana yake mmekubaliana bei tu. Kukabidhiana, yaani hisa kuhamia jina la mnunuzi na fedha kumfikia muuzaji, huja baadaye. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam ni siku ya 3 ya kazi baada ya mauzo. Basi ya Alhamisi ihesabu hivi: Ijumaa moja, Jumamosi na Jumapili hazimo, Jumatatu mbili, Jumanne tatu. Sikukuu ikiangukia katikati, ongeza. Na Idd, kama mjuavyo, tunasubiri mwezi.

Wanaonunua hisa za Marekani wana mtego mwingine. Kule tangu 28 Mei 2024 ni siku 1 tu ya kazi. Ila kwenye akaunti ya fedha taslimu, isiyo na mkopo wa dalali, salio unaloliona linaweza kujumlisha na hela ya mauzo ambayo haijatua. Kununulia, mara nyingi unaruhusiwa. Kosa ni kuuza ulichonunua kabla hela ile haijatua. Ukirudiarudia, dalali anaweza kukubana siku 90, ununue kwa fedha iliyokwisha tua tu. Mimi huangalia mstari wa fedha ninayoweza kutoa, ule wa fedha ya kununulia naupita.