Arosto si uraibu

Siku hizi kila mtu ana arosto: ya pilau, ya ligi, ya bando lililokatika. Huo ni utani wa mtaani, sina ugomvi nao. Kinachonikera ni mtangazaji, au ndugu wa mgonjwa, kusema "arosto" pale alipokusudia uraibu.

Uraibu ni ugonjwa wa kushindwa kujizuia kutumia kitu hata kinapokuharibia afya, kazi na nyumba. Arosto ni mateso ya mwili uliokwisha kuzoea kitu, kikikosekana. Basi.

Mtumia unga, yaani heroini, huanza kuisikia arosto saa kadhaa baada ya kete ya mwisho: miayo mfululizo, makamasi na machozi, jasho huku anatetemeka kwa baridi, viungo vinauma, tumbo linaendesha. Hukolea siku ya pili na ya tatu, kisha kwa kawaida hupoa ndani ya wiki moja hivi, hata asipopewa kitu. Uraibu hauondoki kwa kalenda hiyo.

Tena viwili hivi hutengana kabisa. Mtoto mchanga wa mama anayetumia heroini huweza kuzaliwa akapata arosto: anatetemeka, analia kwa sauti kali, hanyonyi vizuri. Nani atamwita mraibu, naye hajawahi kutafuta chochote? Mgonjwa wa saratani aliyezoea mofini ya kutuliza maumivu, ikikatwa ghafla, huumwa vilevile. Upande wa pili yupo wa soba hausi, nyumba ya waraibu wanaoacha, kule Unguja, hana miayo wala jasho kwa miezi, lakini akipita jirani na maskani yake ya zamani moyo unamwenda mbio.

Hata methadoni, dawa wanayopewa watumia heroini badala ya unga, inayotolewa Muhimbili tangu 2011, husemwa vibaya kwa sababu hiyohiyo: eti "wamebadilishiwa unga tu". Dozi anayokunywa mbele ya muuguzi huzuia arosto kwa siku nzima na kupunguza hamu, ili akili ipate nafasi ya kushughulika na uraibu wenyewe.

Kijana akikaa rumande wiki mbili, akarudi anakula vizuri na uso umejaa, nyumbani husema "ameshapona" na kumwachia aende zake. Wakati huo mwili wake umepoteza ule uzoefu. Akirudia kipimo cha zamani kinaweza kumuua. Kwa hiyo, shangazi, sema arosto imemwisha. Uraibu bado anao, na kliniki bado anaihitaji.