Kioo cha Rada Kikiwa Cheusi Tii, Tia Shaka

Waliokulia na televisheni za chogo, kabla Kenya haijahamia dijitali mwaka 2015, wanazijua chenga. Upepo ukigeuza antena, picha inamezwa na vidoto vyeupe, lakini ukikazana bado unauona mpira ulipo. Anayetazama picha ghafi ya rada hufanya kazi hiyo hiyo. Kipokezi kina vurugu zake za umeme zinazotokea kiooni kama chenga, na mwangwi dhaifu, yaani mawimbi ya rada yanayorudi baada ya kugonga ndege ndogo iliyo mbali, hufanana nazo.

Hapa Embakasi, Nairobi, mwanafunzi mgeni wa rada akikabidhiwa mtambo wa mazoezi hukimbilia kitufe cha ukuzaji, kinachoongeza au kupunguza nguvu ya kinachopokelewa, na kukiteremsha mpaka kioo kiwe cheusi tii. Kinapendeza, sikatai. Ila kitufe hicho hakijui ndege wala chenga: hupunguza vyote pamoja, na kilicho dhaifu ndicho hutangulia kupotea. Ndiyo maana mabaharia hufundishwa kupandisha ukuzaji mpaka chenga nyepesi zianze kuonekana, kisha waache hapo.

Sasa jicho litazitenganishaje? Kwa kungoja. Antena ya rada ya uwanja wa ndege hukamilisha mzunguko kwa sekunde nne au tano hivi. Chenga hurukaruka kila mzunguko. Ndege hujitokeza tena karibu na ilipokuwa. Vioo vya zamani vilipakwa fosfori iliyobaki na mng'ao, hivyo mwangwi mpya ulikuta alama ya uliopita haijafifia. Skrini za leo huiga hilo kwa programu. Ukizima alama hizo umelinyima jicho kumbukumbu. Ukizirefusha mno, mvua ya Aprili inageuza kioo kizima kuwa tope. Na pazia lifungwe: jua la dirishani likipiga skrini, alama hafifu hazionekani tena.

Linabaki suala la mtazamaji mwenyewe. Soja anayepiga filimbi kila jani likitikisika hamkosi mwizi, ila ploti nzima hailali. Anayeogopa kulaumiwa kwa kelele hungoja mpaka mlango uvunjwe. Ukuzaji haumponyi yeyote kati yao.

Na wote wawili huchoka. Mwaka 1948 Norman Mackworth, mtafiti wa Uingereza, alichapisha jaribio la watu waliokodolea mshale wa saa kwa muda wa saa mbili, wakisubiri uruke hatua mbili badala ya moja. Baada ya nusu saa tu, walikuwa wameanza kuikosa mingi zaidi ya miruko hiyo.