Dawa ya kukuza kope na rangi ya jicho: maswali tunayoulizwa kila mara

Ni dawa gani hii?
Ni bimatoprosti ya asilimia 0.03. Ilianza kama dawa ya matone ya presha ya macho. Wagonjwa wakaota kope ndefu, na mwaka 2008 Marekani ikaidhinisha ipakwe kwenye kope. Baadhi ya seramu zinazouzwa mitandaoni zina dawa za jamii hiyohiyo. Soma viambato: jina lenye "prost" ndani yake likutahadharishe, hata kama chupa imeandikwa "asilia".

Inabadilishaje rangi ya jicho?
Inaweza kuongeza melanini, ile rangi ya asili ya mwili, katika chembe za lile duara la rangi linalozunguka mboni, na jicho likazidi kuwa la kahawia. Mabadiliko huja polepole, kwa miezi au hata miaka, kwa hiyo mwenyewe hugundua kwa kuchelewa. Huonekana zaidi kwenye macho ya rangi mchanganyiko, kama kijani na kahawia.

Nikiacha, rangi yangu itarudi?
Hapana. Kope zitarudi urefu wake, na weusi wa ngozi ya kigubiko cha jicho mara nyingi hufifia. Rangi ya jicho haitarudi.

Basi nimalizie chupa kwanza?
Hapana! Kila usiku unaoendelea kupaka, rangi inaweza kuongezeka, na iliyoongezeka haiondoki. Ukiona badiliko, acha leo, kisha nenda ukapimwe macho.

Macho yangu ni meusi tayari. Inanihusu?
Inakuhusu. Rangi huenda isionekane, lakini ngozi inayozunguka jicho inaweza kupiga weusi, jicho likawasha na kuwa jekundu, na mafuta yanayolizunguka yakapungua hadi lionekane limezama.

Inapakwaje?
Mara moja kila usiku. Osha uso, toa lenzi. Zirudishe dakika 15 baada ya kupaka. Weka tone moja kwenye brashi mpya, pitisha kwenye mizizi ya kope za juu tu, futa inayomwagika. Jicho la pili lina brashi yake, na zote mbili zitupwe. Kope za chini usiziguse. Kuzidisha dawa hakuzidishi kope. Matokeo kamili huchukua takriban wiki 16. Na acheni kuazimana chupa, mnaambukizana vijidudu.

Nani asiguse bila daktari?
Anayetumia matone ya presha ya macho, kwa sababu dawa hizi mbili zikikutana zinaweza kuvuruga matibabu yake. Wajawazito na wanaonyonyesha nao waulize kwanza.

Niende hospitali lini?
Jicho likiuma, likiwa jekundu sana, au ukiona ukungu, nenda siku hiyohiyo. Usioshe kwa maziwa wala chai. Beba chupa yenyewe.