Muhtasari wa kikao cha ukoo unaishia wapi? Mlezi wa mtoto na wakati wa kumwona mwanasheria

Kila Januari shule zikifunguliwa, benchi la nje ya ofisi yetu ya sheria hapa Moshi hujaa bibi, mashangazi na wajomba. Wengi hawajaja kumshitaki mtu. Wamekuja kwa sababu mahali walikokwenda kumhangaikia mtoto waliulizwa, "Wewe ni nani wake?" na jibu lao halikutosha.

Mmoja nitamwita Bibi tu, na mambo yake nimeyachanganya na ya wengine ili asitambulike. Alikuja na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na kadi ya kliniki ya mjukuu wake, cheti cha kifo cha binti yake, na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la hesabu: muhtasari wa kikao cha ukoo kilichokaa siku ya kumaliza matanga. "Mtoto atakaa kwa bibi yake." Chini yake kulikuwa na sahihi tisa na dole gumba moja, la kwake, wino wa bluu umevuja hadi mstari wa juu. Aliikunjua taratibu, akailaza mezani, akaniuliza, "Hii haitoshi, mwanangu?"

Kwa jambo moja inatosha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakubali kwamba wazazi wakifariki, wajibu wa malezi unaweza kuhamia kwa ndugu wa upande wowote, kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa kimila. Kwa hiyo kikao cha ukoo si kitu cha kudharau, na sitaki bibi yeyote anayelea mjukuu kule Kibosho au Marangu aogope kwamba anavunja sheria kwa kuwa hajafika mahakamani. Kama ndugu wa pande zote mbili wameafikiana, mtoto anakula, anasoma, na hakuna mali inayogombewa, endeleeni kulea kwa amani.

Ila muhtasari ule unawabana waliokaa kikao. Haumbani baba ambaye hakujulikana alipo, akarudi baada ya miaka mitano anamtaka mwanawe. Haumtoshi ofisa wa Uhamiaji anayedai ridhaa ya mzazi ndipo mtoto apewe pasipoti. Wala haumpi Bibi kauli juu ya fedha za marehemu zilizoko benki au kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Siku mtu asiye wa ukoo anapotaka sahihi yako kwa niaba ya mtoto, hiyo ndiyo siku ya kuuliza ushauri wa kisheria, hata kama nyumbani hakuna ugomvi wowote.

Kwenye mirathi ndiko ninakoona watoto wakiumizwa zaidi. Ukoo unampendekeza baba mdogo awe msimamizi wa mirathi, mahakama ya mwanzo inamteua, na tangu siku hiyo kila mtu, naye akiwemo, anaamini kwamba amekabidhiwa mtoto pamoja na mali. Si hivyo. Kazi ya msimamizi ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni, kuwagawia warithi, na kurudi mahakamani kueleza alichofanya. Aliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni, Fomu Na. 5, ndani ya miezi 4, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Hesabu za mirathi zinafuata katika Fomu Na. 6. Mlezi aende kwa karani wa mahakama akaulize kama fomu hizo zimeletwa. Kuuliza si kumtukana shemeji. Sheria ya Mtoto inakataza mtoto kunyimwa manufaa ya mali ya mzazi wake, na asiye na umri wa kuuliza anahitaji mtu mzima wa kumwulizia.

Ukisikia kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, kinaoneshwa wanunuzi, au nyumba ya marehemu pale Pasua ina wapangaji na kodi haijulikani inaingia mfuko wa nani, njoo wiki hiyo hiyo. Pingamizi la mapema huwa jepesi. Ardhi ikishauzwa, mnunuzi naye anaingia kwenye kesi, kesi inarefuka, na mtoto aliyekuwa darasa la pili anafika kidato cha kwanza hajaona ada iliyotoka kwenye jasho la baba yake.

Vilevile kuna mtoto ambaye wazazi wake hawakuoana, baba akafariki, na upande wa baba unasema hawamtambui. Hapo lazima kwanza athibitishwe kuwa ni mtoto wa marehemu. Sheria inaruhusu maombi hayo kufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu mzazi afariki, na mahakama hutazama mambo kama jina kwenye daftari la vizazi, tendo la kimila alilofanya baba, au kumtambua mtoto hadharani. Msikae mkihesabu kwamba miaka 3 ni mingi. Wazee waliokuwepo siku baba alipopeleka mbuzi nao wanaondoka.

Sasa niseme kuhusu miaka saba, maana imani hii imewatoa machozi akina mama wengi. Inasemwa sokoni, kwenye pombe ya mbege na hata kwenye vikao vya usuluhishi: "Mtoto akifika miaka saba ni wa baba." Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi hivyo. Inachosema ni kwamba kwa mtoto wa chini ya miaka 7 mahakama itaanza na dhana kuwa ni vema akae na mama yake, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Haisemi popote kwamba akitimiza 7 anahama. Baada ya umri huo swali linabaki lile lile: ustawi wa mtoto uko wapi? Kwa hiyo mtu akija na gari kumchukua mtoto kwa sababu amefikisha umri, usimkabidhi kwa hofu ya sheria isiyokuwepo, wala msivutane mtoto akiwa katikati. Mpigie mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, kisha njoo.

Njoo pia ukiletewa karatasi ya kusaini usiyoielewa. Ukipokea wito wa mahakama, usiuweke chini ya godoro. Usipofika, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja.

Lakini kama mtoto anapigwa, ananajisiwa, ananyimwa chakula, au amepelekwa mjini "kusomeshwa" kumbe ni kazi za ndani, usianzie kwetu. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Mambo ya nani awe mlezi yatafuata.

Maombi ya Bibi yalikwenda Mahakama ya Watoto. Anayeweza kuomba kukaa na mtoto ni mzazi, mlezi, au ndugu anayemtunza. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri alifika nyumbani kwake, akaona kitanda cha mtoto, akamsikiliza mtoto peke yake chini ya mgomba, akaandika taarifa. Mahakama hutazama maslahi ya mtoto, umri wake, maoni yake kama ameyatoa kwa hiari, umuhimu wa ndugu kukaa pamoja, na malezi yasikatizwe ovyo. Bibi alikuwa amejiandaa kuulizwa ana shilingi ngapi. Aliulizwa nani humwamsha mtoto asubuhi. Amri ilimpa yeye kukaa na mjukuu, na baba mdogo akapewa siku za kumtembelea, jambo ambalo Bibi mwenyewe aliliomba.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kupata msaada bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wasaidizi wa kisheria walioko kwenye kata hawaruhusiwi kutoza ada. Watakuelekeza na kukuandikia, ila hawawezi kukusimamia mahakamani.

Ukija, beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, au kadi ya kliniki kama cheti hakipo, tukuelekeze RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Beba vyeti vya vifo na muhtasari wa kikao, hata kama umechanwa kwenye daftari. Na mtoto, siku ya kwanza, mwache shuleni au kwa jirani unayemwamini. Utakayonieleza kuhusu wazazi wake na ndugu zake huenda hujawahi kumwambia, na hapaswi kuyasikia kwa mara ya kwanza akiwa kwenye benchi la ofisini.