TSH ikipanda, thairoidi imefanya nini?

Jirani yangu huuza mitumba Kibuye. Februari, jua la Kisumu likichoma hadi mabati yanalia, yeye alikaa kibandani na sweta saa saba mchana. Alichoka kabla hata ya kufungua robota, choo kilikuwa kigumu, ngozi ya mikono imekauka. Akapimwa damu, akarudi na karatasi iliyosema TSH 7.8, kando yake herufi H, yaani imepita kiwango. "Dada, kumbe tezi yangu inafanya kazi kupita kiasi," akaniambia, na tayari alikuwa ameacha kula sukuma wiki kwa hofu kuwa inaidhuru tezi.

Alikuwa ameisoma karatasi kinyume, na si yeye peke yake.

TSH ni homoni, lakini haitoki kwenye tezi ya shingo. Hutoka kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza thairoidi, ile tezi ya mbele ya koo, itoe homoni iitwayo T4. Mfikirie mama jikoni anayemwita mtoto. Mtoto akiitika, mama hunyamaza. Asipoitika, sauti hupanda. TSH ni sauti ya mama, T4 ni itiko la mtoto. Ndiyo maana TSH ya juu kwa kawaida huonyesha kuwa thairoidi imelegea, na iliyoshuka karibu na sifuri mara nyingi huonyesha kuwa inatoa homoni kupita kiasi.

Kwa mtu mzima, maabara nyingi huhesabu TSH ya kawaida kuwa kati ya 0.4 na 4 hivi, na T4 huru, yaani ile isiyoshikwa na protini za damu, kati ya pikomoli 12 na 22 kwa lita. Soma viwango vilivyochapwa kwenye karatasi yako mwenyewe, maana mashine hutofautiana. Mjamzito ana viwango vyake, na yeye asikae kusubiri.

TSH peke yake haitoshi kukupa jina la ugonjwa. T4 nayo ikiwa chini, upungufu uko wazi. T4 ikiwa bado ya kawaida, mtoto anaitika, ila mpaka apigiwe kelele. Hapo daktari kwa kawaida hurudia kipimo baada ya miezi 2 au 3, kwa kuwa TSH huweza kupanda kwa muda mtu akiwa anapona ugonjwa mwingine, kisha ikashuka yenyewe. Ikikaa juu ya 10, wengi huanzishiwa dawa. Kuna pia kipimo cha kingamwili za TPO, kinachoonyesha kama kinga ya mwili inaishambulia tezi yake yenyewe, ugonjwa ambao Hakaru Hashimoto wa Japani aliueleza mwaka 1912. Zikipatikana, tezi ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kulegea.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni pale mama mwenyewe, yaani pituitari, anapopoteza sauti. Mwanamke aliyevuja damu nyingi sana akijifungua anaweza kuumia pituitari. TSH yake itasomeka ya kawaida, au chini, huku T4 imeanguka, na akipimwa TSH tu ataambiwa hana neno. Kama ulivuja damu hivyo, maziwa yakakataa kutoka na hedhi haikurudi, mweleze daktari hayo yote na uombe T4 ipimwe pia.

Mtajie na dawa unazomeza. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini huweza kupotosha majibu. Na kwa kuwa uchovu una wazazi wengi, omba kiwango cha damu na sukari vipimwe siku hiyohiyo.

Sukuma wiki jirani amerudia kula. Iliyopikwa, kwa mtu anayetumia chumvi yenye iodini, haina shida. T4 yake ilikuwa 13. Atarudi Mei, maabara ileile na saa ileile ya asubuhi, kwa sababu TSH hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na karatasi ya kwanza ataibeba.